Somo: Sungura anayeng'ata na aliyetelekezwa, anza na mwili wake kabla ya tabia

Sungura wengi wakali wa mijini wana historia moja. Alinunuliwa sokoni akiwa mdogo, watoto wakamshangilia wiki mbili tatu, kisha akahamishiwa kwenye kibanda cha mbao nyuma ya nyumba. Tangu hapo anayemkumbuka ni dada wa kazi, akimtupia maganda na ugali uliobaki. Mwaka ukipita, ukifungua mlango anakoroma, analaza masikio nyuma, anaruka na kukung'ata kidole. Majirani wanasema ana roho mbaya.

Hana roho mbaya. Sungura ni mnyama wa kuwindwa, na kitu chochote kinachomshukia kutoka juu anakichukulia kuwa ni mwewe, hata kama ni mkono wenye karoti. Akiwa amefungiwa hana pa kukimbilia, kwa hiyo anapigana. Wengi wao pia wanaumwa na hakuna anayejua, maana sungura huficha maumivu. Ndiyo maana nasisitiza: usianze kumfundisha upole mnyama ambaye sikio linamuuma.

Hatua ya 1: Mkague

Fanya jioni kukiwa kumepoa. Vaa shati la mikono mirefu, mfunike kwa taulo zito, mkusanye mpaka kichwa peke yake kibaki nje. Usimnyanyue kwa masikio, jambo hilo naliona kila soko na linaniuma sana. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ubebe makalio, mwili wake uegemee wako. Akirusha miguu ya nyuma ikiwa inaning'inia anaweza kuvunjika uti wa mgongo.

Anza na masikio. Ukiona gamba la kahawia limejipanga tabaka kwa tabaka kama ukoko wa wali, huo ni utitiri wa masikio. Usibandue. Chini ya gamba pana kidonda kibichi, na ukilivuta ndipo atakapokuchukia kabisa. Akitibiwa, gamba hudondoka lenyewe.

Meno: inua mdomo wa juu taratibu. Meno mawili ya juu yanatakiwa kushuka mbele kidogo ya yale ya chini. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, ya mbele hurefuka kama milimita 2 kwa wiki, na asipotafuna nyasi yanapinda hadi kuchoma fizi. Kidevu kilicholowa mate au jicho linalotoa machozi kila siku ni dalili ya matatizo ya meno. Usiyakate kwa koleo wala kikata kucha, jino hupasuka hadi kwenye mzizi.

Kisha geukia nyayo, maana sakafu ya waya huzichubua hadi nyama. Angalia kucha kama zimejikunja. Mwisho mwangalie nyuma, chini ya mkia. Kama kinyesi kimegandamana na nzi wameshataga, utakuta funza, na hapo ni kwa daktari siku hiyo hiyo, si kesho.

Kuhusu dawa, mtafute daktari wa mifugo ampime uzito kwanza. Aivamektini hutibu utitiri, ila ile chupa ya ng'ombe ni kali na kukosea kipimo kwa mnyama wa kilo mbili ni rahisi sana. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili ni sumu kwa sungura. Amoksilini ya kumeza iliyobaki kabatini huharibu tumbo lake na inaweza kumuua. Walio karibu na Morogoro wana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kwingine anza na ofisi ya mifugo ya kata.

Hatua ya 2: Banda

Toa waya sakafuni, au ufunike nusu kwa ubao na umwage maranda. Weka boksi lenye tundu ajifiche, na usimguse akiwa humo. Bati tupu juani linamchemsha: hatoi jasho, hupoza mwili kwa masikio, na joto likipita nyuzi 28 anaanza kuteseka. Kwa Dar au Mombasa mwezi wa pili hilo ni suala la uhai. Weka makuti juu ya bati, na mchana mpe chupa ya maji yaliyogandishwa, iliyofungwa kitambaa, ailalie.

Sungura anayeamka mkali kila asubuhi huenda usiku ametembelewa na paka, panya au siafu. Siafu humuua sungura aliyefungiwa. Simamisha miguu ya banda kwenye makopo yenye maji.

Hatua ya 3: Chakula

Nyasi, nyasi, nyasi. Kavu au mbichi, ukoka ni mzuri, ziwepo saa 24. Juu yake mpe majani kiasi: matembele, mchicha, kishona nguo. Kama amezoea ugali na mkate, badilisha polepole kwa wiki moja hadi mbili. Chakula cha punje cha dukani kisizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Usimpe kabisa parachichi wala majani yake, majani ya nyanya, vitunguu. Nyasi za kando ya barabara, penye moshi na mikojo ya mbwa, ziache. Maji yawe kwenye bakuli zito. Sungura wa kilo 2 anaweza kunywa hadi mililita 300 kwa siku.

Hatua ya 4: Mkono wako

Siku za mwanzo kaa tu chini, karibu na banda, alfajiri au jioni ambapo yeye mwenyewe huwa mchangamfu. Ongea kwa sauti ya chini. Baadaye fungua mlango atoke kwa miguu yake, usimtoe. Safisha banda akiwa nje, kwani mle ndani ni kwake na mkono unaoingia ni mvamizi. Hakioni kitu kilicho mbele kabisa ya pua yake, kwa hiyo mpitie ubavuni, umguse juu ya paji la uso. Akikurukia usimpige wala usipige kelele. Tulia, subiri, endelea. Wapo wanaobadilika kwa wiki chache, wengine huchukua miezi.

Hatua ya 5: Kuhasi

Ukali unaoanza kati ya miezi 4 na 6 mara nyingi ni wa balehe. Daktari mzoefu wa sungura anaweza kumhasi. Asifungishwe chakula kabla ya upasuaji, kwa sababu sungura hatapiki na tumbo lake halitakiwi kusimama.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Mwanangu ameng'atwa kidole, damu imetoka. Nifanye nini?
Marahaba mama. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mpeleke zahanati waangalie kidonda na chanjo ya pepopunda. Ni nadra sana sungura kuwa na kichaa cha mbwa, lakini kama sungura huyo aliwahi kung'atwa na mbwa, waambie.

Mkuu, jike wangu alikuwa mpole, sasa anang'oa manyoya kifuani na kunifukuza. Hana dume.
Hiyo ni mimba ya uongo, huchukua siku 16 hadi 18. Mwachie kiota chake, usimshike, hakikisha anakula. Kama aliwahi kukutana na dume hata dakika moja, jiandae, maana mimba ya kweli ni siku 30 au 31.

Wangu hajala tangu jana na hakuna kinyesi. Nisubiri?
Usisubiri ndugu yangu. Sungura asiyekula wala kunya kwa saa 12 yuko hatarini, tumbo limesimama. Mpigie daktari sasa hivi, umpashe joto kidogo kama masikio yamepoa, umuwekee nyasi na maji karibu.

Nimwekee mwenzake ili apunguze hasira?
Si sasa. Majike hulinda eneo, madume wawili wanaweza kung'oana korodani. Apone kwanza, ahasiwe, kisha waonane kupitia wavu kwanza. Dume aliyehasiwa bado anaweza kupandisha mimba kwa wiki kadhaa.

Dada, mume wangu anasema tumchinje tu yaishe.
Kama ameshapewa dawa ya utitiri, nyama yake hailiki mpaka muda wa dawa upite; muulize daktari aliyempa. Ila nakuomba umpe nafasi. Akitunzwa anaweza kuishi miaka 8 hadi 12, na huyu hajawahi kutunzwa hata mwezi mmoja. Ikishindikana, mtafutie mtu mwenye uwanja, umwambie wazi kwamba anang'ata, na umpe na kiroba cha maranda aliyolalia, banda jipya lisimtishe kwa harufu ngeni.