Namna ya Kukadiria Maji Yanayopotea Katika Machimbo ya Kokoto na Athari Zake kwa Visima vya Jirani

Machimbo ya kokoto ya pembezoni mwa Lubumbashi, hasa katika komini ya Annexe, mara nyingi hupakana na nyumba ambazo hazijafikiwa na bomba la Regideso, shirika la maji la Kongo, na ambazo zinategemea visima. Kwa sababu hiyo anayekadiria maji ya machimbo ana maswali mawili ya kujibu, na majibu yake hayafanani: ni maji kiasi gani yanayopotea katika kazi, na maji ya ardhini yatashuka kiasi gani kwa jirani. Machimbo yanaweza kupoteza maji kidogo na bado yakakausha visima vya mtaa mzima.

Anza na pampu ya kuoshea kokoto. Kama haina mita, elekeza mdomo wa bomba ndani ya pipa la lita 200 na uhesabu sekunde hadi lijae. Likijaa kwa sekunde 16, pampu inatoa lita 12.5 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 45 kwa saa, au 360 kwa siku ya kazi ya saa 8. Tarakimu hiyo huwashtua wakazi, na wapo wanaoiandika katika ripoti kana kwamba ndiyo matumizi, ilhali sehemu kubwa ya maji ya kuoshea hurudi kwenye bwawa la kutulizia tope na kuvutwa upya. Kinachotafutwa ni yale yasiyorudi.

Sehemu ya kwanza ya hayo huondoka na kokoto yenyewe. Pima kilo 5 za kokoto iliyotoka kuoshwa, ikaushe katika sufuria juu ya makaa huku ukiigeuza, na uipime tena mpaka uzito usipungue. Ukipata kilo 4.75, maji yalikuwa asilimia 5 ya uzito wa kwanza. Fanya hivyo hivyo kwa kokoto ambayo haijaoshwa, kwa kuwa unyevu wake wa asili haukutoka kwenye bwawa. Ikiwa huo ni asilimia 2, tofauti ni asilimia 3, na tani 200 kwa siku zinabeba takriban mita za ujazo 6. Tope linalozolewa bwawani lipimwe kwa njia hiyo hiyo. Maji ya kumwagia barabara ili kutuliza vumbi ni rahisi: hesabu magari ya maji. Mvuke nao usipuuzwe, kwani milimita 5 kwa siku juu ya hekta moja ya maji yaliyo wazi ni mita za ujazo 50. Jumlisha yote na ulinganishe na maji mapya yanayoongezwa bwawani. Yanayoongezwa yakizidi sana jumla yako, bwawa linavuja, na inafaa kujua linavujia wapi.

Kuhusu maji ya ardhini, kazi ya maana hufanyika kabla ya shimo kuchimbwa. Orodhesha visima vyote vya jirani, weka alama ya rangi kwenye ukingo wa kila kimoja, na upime kutoka alama hiyo hadi usawa wa maji kwa kamba yenye uzito, alfajiri, kabla watu hawajaanza kuteka. Endelea kupima kila mwezi kwa mwaka mzima. Kipimo cha mwezi wa Machi peke yake, mvua ikiwa imeshanyesha kwa miezi kadhaa, kitaonyesha visima vilivyojaa tu. Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijarudi, ndipo mita moja ikipungua ndoo inagonga chini.

Shimo likikaushwa kwa pampu, umbali utakaoathirika hukadiriwa kwa kanuni ya Sichardt: zidisha 3,000 kwa mita ambazo maji yatashushwa, kisha kwa kipeuo cha pili cha kasi ya udongo kupitisha maji, kwa mita kwa sekunde. Kushusha maji mita 5 katika mchanga wenye kasi ya 0.0001 kunatoa mita 150. Kasi ikiwa 0.001, umbali unakaribia mita 475. Kanuni hiyo ni ya makadirio ya awali tu. Pale ambapo chini kuna dolomia, mwamba unaoyeyushwa polepole na maji, kama ilivyo katika sehemu za eneo la Lubumbashi, maji hupita katika nyufa na mapango, na kisima cha mbali kinaweza kushuka kabla ya kile cha karibu. Hapo hakuna budi kufanya jaribio la kuvuta maji huku visima vya jirani vikipimwa. Maji yanayotolewa shimoni na kumwagwa mtoni yaandikwe kuwa yamepotea kwa visima, hata kama machimbo hayakuyatumia.

Shimo lisilokaushwa lina athari yake pia. Usawa wa maji ya ardhini huinama, lakini ziwa la shimoni hulala sawasawa. Kwa mwinamo wa mita 1 kwa kila 100 na shimo la urefu wa mita 200, maji ya upande wa juu hushuka karibu mita 1, na ya upande wa chini hupanda kiasi hicho hicho. Kwa hiyo visima vya upande wa juu vipimwe kwa kina, na vyoo vya shimo vya upande wa chini vikaguliwe visije vikafikiwa na maji.