Gari Likipata Tatizo Katika Safari Ndefu: Namna ya Kulipokea Bila Kupoteza Haki Yako

Mtu anayesafirisha gari kwa mara ya kwanza huogopa zaidi moto, dhoruba na ajali ya lori, na hofu hiyo ina msingi, kwani mwezi Februari 2022 meli ya Felicity Ace, iliyobeba magari takriban 4,000, iliwaka moto katika Bahari ya Atlantiki na ikazama karibu na visiwa vya Azores mwanzoni mwa Machi. Hata hivyo, matatizo yanayowapata wengi ni madogo kuliko hayo: bampa lililopasuka, herufi moja iliyokosewa kwenye hati, gari lililokwama bandari ya katikati kwa wiki tatu. Yanageuka kuwa hasara kubwa pale ambapo mwenye gari hana maandishi ya siku alipolikabidhi wala ya siku alipolipokea. Ukimwambia msafirishaji kwamba gari limebonyea mikononi mwake, atajibu kwamba lilibonyea tangu mwanzo, na bila maandishi huna la kumjibu.

Kwa hiyo kazi huanza kabla gari halijaondoka. Lioshe kwanza, kwa sababu vumbi huficha mikwaruzo, kisha lipige picha mchana kweupe: pande zote nne, pembe za bampa, paa, vioo, rimu za magurudumu, viti, na dashibodi ikiwa imewashwa ili kilomita na taa za tahadhari zionekane. Video moja isiyokatwa, inayoanzia kwenye namba ya gari na kulizunguka lote, ina nguvu kuliko picha mia zilizotawanyika. Msafirishaji atajaza fomu ya hali ya gari; isome pamoja naye huku mkilizunguka gari, na usikubali maneno ya jumla kama "lina mikwaruzo kadhaa", maana maneno hayo yatakuja kumeza kila mkwaruzo mpya utakaotokea njiani. Dai iandikwe ni mkwaruzo upi, uko mlango gani, na una urefu gani, kisha baki na nakala yenye saini zote mbili.

Kosa linaloumiza watu wengi kimyakimya ni la namba ya chasisi. Kwa magari yanayofuata utaratibu wa kimataifa, namba hiyo ina tarakimu na herufi 17 kwa jumla, na haitumii kamwe herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na moja na sifuri. Ukiona O ndani ya namba ya namna hiyo kwenye hati yoyote, ujue bila kwenda kuliangalia gari kwamba mwandishi amekosea, huenda ilikuwa sifuri. Isome namba kutoka kwenye gari lenyewe, tarakimu moja baada ya nyingine, uilinganishe na kadi ya gari, ankara, bima na hati ya shehena, yaani ile hati ya meli inayoonyesha mzigo ni wa nani na nani ana haki ya kuuchukua. Kosa likigunduliwa wakati meli ingali safarini, wakala wa meli hulirekebisha kwa maombi ya maandishi na malipo ya kawaida. Likigunduliwa baada ya orodha ya shehena kufika forodha, marekebisho hupita ofisi zaidi ya moja huku gari likiendelea kulipiwa hifadhi kila siku.

Mengine ya maandalizi ni mepesi. Acha mafuta kiasi cha robo ya tanki au chini ya hapo, ondoa vitu vyako binafsi kwa sababu bima ya gari safarini kwa kawaida haivihusu, na mwambie msafirishaji kwa maandishi kama hendibreki ni dhaifu au gari liko chini sana kiasi cha kugusa njia ya kupandia. Safisha tope chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu hasa kama linakwenda Australia au New Zealand, ambako wakaguzi wa wadudu na mbegu wanaweza kuamuru gari lisafishwe upya kwa gharama yako.

Kuhusu bima, soma ni hatari zipi zimetajwa kabla ya kutazama bei. Katika vifungu vya kimataifa vya bima ya shehena, daraja A hulipia hasara za ghafla za aina nyingi isipokuwa zile zilizoondolewa kwa maneno, wakati daraja C hulipia maafa makubwa kama moto, kuzama, kugongana na kupinduka, wala halilipii kioo kilichopasuka bandarini au redio iliyoibwa. Yote mawili hayalipii hasara inayotokana na kuchelewa tu. Msafirishaji naye ana dhamana yake, lakini sheria humwekea kikomo ambacho mara nyingi kiko chini ya thamani ya gari, kwa hiyo mimi humshauri kila mtu anunue bima yake mwenyewe hata safari ikionekana fupi.

Gari linapochelewa

Ucheleweshaji ndilo tatizo la kawaida kuliko yote. Gari huweza kushushwa bandari ya katikati ili lipakiwe meli nyingine, na meli hiyo ikijaa, husubiri inayofuata. Usiulize "meli imefika wapi?", kwa sababu meli inaweza kuwa imefika na gari lako halimo. Uliza kwa barua pepe mambo matatu: gari lenyewe liko wapi leo, ni nini kinachozuia lisiondoke, na litapakiwa meli ipi tarehe gani. Chukua jina la meli pamoja na namba yake ya IMO, yaani namba ya kimataifa ya kuitambua meli, yenye tarakimu saba, ambayo haibadiliki hata meli ikiuzwa na kupewa jina jipya, kisha ifuatilie kwenye tovuti za mwendo wa meli.

Kwa safari ya lori, shida inayokera zaidi ni dereva au dalali anayedai nyongeza ya nauli gari likiwa tayari njiani. Rejea mkataba, mwombe ataje kwa maandishi kifungu kinachompa haki hiyo, na usilipe kwa simu kwa sababu tu umetishwa. Ikibidi ulipe ili gari litoke, andika kwenye risiti kwamba umelipa ukipinga dai hilo na utalifuatilia.

Lipo jambo moja ambalo huwashtua wenye mizigo wasiolijua. Meli inapopata dharura na gharama ikatumika kwa makusudi kuiokoa pamoja na shehena yake, wenye shehena wote huweza kutakiwa wachangie gharama hiyo kwa kadiri ya thamani ya mizigo yao, hata kama mizigo yao haikuguswa. Taratibu za mgawanyo huo ziko katika Kanuni za York-Antwerp. Ndivyo ilivyokuwa kwa meli ya Ever Given, iliyoziba Mfereji wa Suez kuanzia tarehe 23 hadi 29 Machi 2021: wenye shehena walitakiwa kutoa dhamana kabla ya kukabidhiwa mizigo. Ukipata barua ya namna hiyo, ipeleke kwa kampuni yako ya bima siku hiyo hiyo, maana bima ya shehena kwa kawaida hubeba dhamana hiyo, na asiye na bima hulazimika kuweka fedha taslimu.

Siku ya kulipokea

Niliwahi kupokea gari jioni, dereva akiwa na haraka, nikatia saini kwa mwanga wa simu. Asubuhi nikakuta mbonyeo juu ya gurudumu la nyuma, na saini yangu ilikuwa chini ya maneno "limepokelewa katika hali nzuri". Sikulipwa chochote. Tangu hapo sitii saini kabla sijalizunguka gari mara mbili, na mwanga ukiwa hafifu ninaandika juu ya saini kwamba ukaguzi umefanyika gizani na haujakamilika.

Ukikuta mkwaruzo, upitishie ukucha. Ukucha ukikwama, rangi imekatika hadi chini. Angalia chuma kilicho wazi: kikiwa king'avu, jeraha ni la karibuni, kikiwa na kutu ya kahawia iliyotulia na vumbi lililogandia ndani, huenda ni la zamani, ingawa hewa ya chumvi huleta kutu haraka, kwa hiyo linganisha na picha zako kabla ya kulaumu. Tazama pia sehemu mikanda ya kufungia ilipopita, kingo za chini za bampa, na rimu, kwa sababu hapo ndipo gari huumia wakati wa kupandishwa na kushushwa. Kila unachokiona kiandikwe kwenye hati ya makabidhiano, dereva asaini. Akikataa, andika kwamba amekataa, piga picha, na utume barua pepe kabla hajaondoka.

Gari lisipowaka, usifikirie mara moja kwamba injini imekufa. Betri iliyokaa wiki nyingi huisha. Pima, na ikiwa chini ya volti 12, ichaji au ibusti kwa nyaya. Kelele ya kukwaruza unapofunga breki kwa mara ya kwanza mara nyingi ni kutu nyepesi kwenye diski, nayo hutoka baada ya kufunga breki mara chache kwa mwendo mdogo. Lakini ukiona umajimaji chini ya gari, piga picha kwanza, halafu upime oili, maji na mafuta ya breki kabla ya kulisogeza.

Baada ya hapo saa inahesabu. Chini ya Kanuni za Hague-Visby zinazotumika katika safari nyingi za baharini, hasara inayoonekana hutolewa taarifa ya maandishi wakati wa kupokea, isiyoonekana ndani ya siku 3, na kesi hufunguliwa ndani ya mwaka 1. Kanuni za Hamburg, zinazotumika kwa baadhi ya nchi, hutoa siku 15 kwa hasara isiyoonekana na miaka 2 ya kufungua kesi. Mkataba wa CMR wa usafirishaji wa mizigo kwa barabara kati ya nchi na nchi, wa mwaka 1956, hutoa siku 7 kwa hasara isiyoonekana, bila kuhesabu Jumapili na sikukuu. Soma nyuma ya hati yako ujue ni ipi inayokuhusu, na kama hujui, fuata muda mfupi kuliko yote.

Usilitengeneze gari kabla mkaguzi wa bima hajaliona. Mtumie msafirishaji barua yenye namba ya hati, namba ya chasisi, orodha ya uharibifu, picha za kabla na baada, na makadirio ya matengenezo kutoka gereji mbili, na nakala uipeleke kwa bima. Mazungumzo yakivutwa hadi muda wako wa kufungua kesi ukakaribia kuisha, omba msafirishaji akuongezee muda kwa maandishi. Ahadi ya kwenye simu haiongezi hata siku moja, na akikataa, mwone wakili kabla tarehe haijapita.