Namna ya kutafuta siku aliyozaliwa mzee wako: mfano wa mwaka 1963

Shangazi yangu ana kitambulisho kinachosema amezaliwa tarehe 1 Januari 1960. Si kweli. Karani alimuuliza mwaka, shangazi akanyamaza, karani akaandika alichotaka. Wazee wengi hapa Lamu wamezaliwa "tarehe moja Januari" kwa namna hiyo, na mimi jambo hili linaniuma. Mtu ana haki ya kuijua siku yake. Basi nieleze tulivyoitafuta ya shangazi, nawe ukamfanyie mzee wako.

Usianze kwa kuuliza mwaka. Tarakimu hazikai kichwani. Kinachokaa ni bendera, kifo, mwezi na upepo. Uliza kwanza: wakubwa walisema ulizaliwa wakati wa jambo gani? Shangazi alijua moja tu: mamake alikuwa ndani ya siku arubaini za uzazi Uhuru ulipoingia.

Hapo una mwaka wa kushika, lakini uhakikishe ni Uhuru gani. Wazee huchanganya. Madaraka ya Kenya, yaani kujitawala kwa ndani, ni 1 Juni 1963, Uhuru ni 12 Desemba 1963, Jamhuri ni 12 Desemba 1964, siku ile ile mwaka mmoja baadaye. Zanzibar nao walipata uhuru wao 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakafuata 12 Januari 1964. Kwetu Mwambao kuna jambo la zaidi: pwani hii ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiiendesha, hadi mkataba uliotiwa saini London tarehe 8 Oktoba 1963 ulipoiingiza Kenya. Kwa hiyo muulize mzee: siku hiyo ya sherehe Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu au Rais? Akisema Waziri Mkuu, uko 1963.

Sasa chukua karatasi uiandike mwaka mzima, na kando ya kila tarehe uweke mwezi wa Kiislamu na upepo. Yangu ilikuwa hivi. Ramadhani iliingia mwishoni mwa Januari, kaskazi ikivuma. Tarehe 25 Mei viongozi wa Afrika waliunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Addis Ababa, na mwaka 1383 wa Hijria uliingia siku hizo hizo. Juni, kusi imekaza, Valentina Tereshkova wa Urusi akawa mwanamke wa kwanza kwenda angani. Maulidi, Mfungo Sita (mwezi wa sita baada ya Ramadhani), yaliangukia mwanzoni mwa Agosti, na mwisho wa mwezi huo Martin Luther King alihutubia umati Washington. Tarehe 22 Novemba Rais Kennedy aliuawa Dallas. Uhuru wetu ulikuja mwezi wa Rajabu, siku mbili hivi kabla ya Miraji.

Mambo mengine hayatakusaidia. Ya Tereshkova hakuna aliyeyakumbuka nyumbani kwetu. Lakini ya Kennedy! Aliyenifaa ni mdogo wake bibi yangu, ambaye wakati ule alikuwa msichana wa kumuuguza mzazi, yaani bibi mwenyewe aliyemzaa shangazi. Nilikaa naye barazani Langoni, nikamsomea karatasi polepole, nisimtilie maneno kinywani. Nilipofika Kennedy aliniwekea mkono gotini.

"Mwanangu, siku ile nilikuwa nachemsha maji ya kumkanda dadangu. Jirani mwenye redio akaja asubuhi akasema rais wa Marekani ameuliwa. Nikaogopa kumwambia mzazi. Mtoto kitovu hakijadondoka, siku saba hazijatimia."

Fanya hesabu yako hapo hapo. Kennedy alipigwa risasi saa sita na nusu mchana kule Dallas. Kwetu ni saa tatu na nusu usiku, Ijumaa. Basi asubuhi ya redio ni Jumamosi, 23 Novemba, na mtoto hakuzaliwa kabla ya tarehe 16.

Usiridhike na ushahidi mmoja. Nikamuuliza mwezi. Akasema wanaume waliporudi wakisema Rajabu imeandama, mzazi alikwisha kujifungua, yu kitandani. Rajabu 1383 iliandama karibu na tarehe 17 Novemba. Hapa acha nafasi ya siku moja, maana mwezi hutazamwa kwa macho na mawingu ni mengi msimu huo.

Tuliandika: kati ya 16 na 18 Novemba 1963, mwishoni mwa Mfungo Tisa. Shangazi aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya msahafu wake. Kisha akaniuliza ilikuwa siku gani ya juma. Nikamwambia Jumamosi, Jumapili au Jumatatu. Akasema, "Jumapili," kama mtu aliyejua siku zote.