Kunoa mbinu za karate darasani: anza na miguu

Karate hujengwa kwa marudio, na marudio hayachagui. Mwanafunzi anayepiga ngumi mia mbili jioni moja huku bega limepanda anatoka darasani bega likiwa limezoea zaidi kupanda. Ndiyo maana utawakuta watu waliohudhuria miaka mitatu bila kukosa, mkanda umeshabadilika rangi mara kadhaa, lakini ngumi ni ileile ya miezi ya mwanzo. Kuhudhuria ni lazima, ila kinachobadilisha mbinu ni kuingia darasani ukijua ni sehemu gani ya mwili unayoirekebisha leo.

Mwongozo huu unafuata Shotokan, mtindo uliotokana na mafundisho ya Gichin Funakoshi, mwalimu wa Okinawa aliyeionyesha karate Tokyo mwaka 1922. Kama unafanya Goju-ryu, mtindo mwingine wa karate, misimamo yenu mingi ni mifupi kuliko hii, kwa hiyo vipimo vya hapa usivilazimishe. Shika vya mwalimu wako. Kazi ya kiuno, bega na goti haitofautiani sana.

Ratiba na kosa moja

Mara mbili kwa wiki ni kiwango cha chini cha kuona mabadiliko, mara tatu ni bora. Zitenganishe siku: Jumatatu na Alhamisi zinafaa kuliko Jumamosi na Jumapili mfululizo, kwa sababu katikati unapata nafasi ya kupumzisha misuli na kufanya dakika 10 hadi 15 nyumbani kabla marekebisho ya mwalimu hayajasahaulika. Fika robo saa mapema. Vifundo vya miguu na nyonga vilivyopoa havikubali misimamo mirefu, na dakika chache za kupasha mwili joto pamoja na darasa hazimtoshi mtu aliyeshinda amekaa ofisini au kwenye daladala.

Kila mwezi chagua kosa moja tu. Usilichague mwenyewe. Baada ya darasa mwulize mwalimu: “Sensei, kosa langu kubwa kwa sasa ni lipi?” Atakachosema, kibebe wiki tatu au nne. Darasani utaendelea kufanya yote yanayoamriwa, lakini jicho lako la ndani linabaki hapohapo, iwe mnafanya kihon (mbinu za msingi), kata (mfululizo wa miondoko uliopangwa) au kumite (mazoezi ya kupambana na mwenzako). Akili haiwezi kusimamia kisigino, bega na mkono unaorudi kwa pamoja kwenye mbinu inayochukua chini ya sekunde moja.

Msimamo

Makosa mengi ya mikono chanzo chake ni miguu, kwa hiyo kama hujui pa kuanzia, anza na zenkutsu-dachi, msimamo mrefu wa mbele ambao goti la mbele limekunjwa. Simama katika msimamo huo, kisha shusha goti la nyuma hadi liguse sakafu. Linapaswa kutua karibu na kisigino cha mbele, kwa nafasi ya ngumi moja hivi. Likitua mbali nyuma, msimamo ni mrefu kupita kiasi na hutaweza kuondoka haraka. Likigonga kisigino, ni mfupi. Kwa upana, acha nafasi ya nyonga zako kati ya mstari wa mguu wa mbele na wa nyuma. Uzito uwe takriban asilimia 60 mbele na 40 nyuma. Ukitazama chini, goti la mbele lifunike vidole vya mguu. Mguu wa nyuma umenyooka, na unyayo wake unaelekea mbele kadiri kifundo kinavyoruhusu.

Makosa matatu hujirudia hapa. La kwanza ni miguu kukaa kwenye mstari mmoja. Mwanafunzi anayumba akisukumwa kidogo ubavuni, na kibaya zaidi kiuno hakipati nafasi ya kuzunguka, hivyo gyaku-zuki yake, ngumi ya mkono wa upande wa mguu wa nyuma, inabaki kuwa na nguvu ya mkono peke yake. La pili ni goti la mbele kuangukia ndani. Lisukume nje hadi liwe juu ya vidole, maana maumivu ya upande wa ndani wa goti mara nyingi huanzia hapa. La tatu ni kisigino cha nyuma kuinuka. Wengi huambiwa “shusha kisigino” mwaka mzima bila mafanikio, kwa sababu tatizo halipo kwenye utii. Misuli ya ndama imekaza. Nyoosha ndama ukiegemea ukuta, sekunde 30 mara tatu kila mguu, goti likiwa limenyooka, kisha tena likiwa limekunjwa kidogo. Wakati huo fupisha msimamo kwa nusu unyayo. Msimamo mfupi wenye kisigino chini una nguvu kuliko mrefu unaoning'inia.

Kusonga mbele ni jambo lingine. Katika oi-zuki, ngumi inayopigwa kwa hatua ya mbele, mguu wa nyuma unapita karibu na ule wa mbele, kisha unatoka kwa upinde mdogo, na kichwa kinabaki kimo kilekile. Kichwa kinapanda kwa sababu moja: mwanafunzi ananyoosha goti la mbele ili mguu wa nyuma upite kirahisi. Nyumbani funga mkanda wa zamani kati ya misumari miwili, kwa kimo cha kichwa chako ukiwa ndani ya zenkutsu-dachi, na utembee chini yake polepole kwa hesabu ya nne: vuta, kutanisha, toa, tua. Ukigusa mkanda, rudia hatua hiyo tu, si safari nzima.

Gyaku-zuki

Hii ndiyo mbinu inayostahili muda mwingi kuliko zote, maana ukiielewa umeelewa namna nguvu inavyopanda kutoka ardhini. Mpangilio wake ni huu. Kisigino cha nyuma kinasukuma sakafu. Nyonga ya nyuma inazunguka kutoka upande, yaani hanmi, hadi kutazama mbele kikamilifu. Mwishoni ndipo ngumi inaondoka, kiwiko kikisugua mbavu, kiganja kikitazama juu hadi sehemu ya mwisho kabisa ya safari, kinapogeuka. Mkono wa pili unarudi kiunoni kwa kasi ileile, na hiyo ndiyo hikite. Vyote vinasimama kwa wakati mmoja.

Kinachoharibika mara nyingi ni mpangilio wenyewe: ngumi inatangulia na kiuno kinafuata kimechelewa. Ngumi ya namna hiyo ina sauti nzuri ya gi, vazi la karate, lakini haina uzito. Jipime hivi: weka mikono yote miwili kiunoni na ufanye mzunguko wa nyonga peke yake mara 20, bila ngumi. Kama goti la mbele linayumba kushoto na kulia kila unapozunguka, unazungusha mwili wote badala ya nyonga. Goti la mbele libaki pale pale kana kwamba limepigwa msumari.

Baada ya hapo ongeza mkono, lakini polepole: ngumi 10 kwa mwendo wa taratibu sana, 10 kwa kasi ya kati, 10 kwa kasi kamili. Ukiona kosa linarudi kwenye kasi kamili, shuka tena kwenye ya kati. Usimalize seti kwa kupiga vibaya ili tu hesabu itimie.

Bega likipanda, sababu karibu kila mara ni kukaza misuli mapema. Mkono unapaswa kuwa mlegevu kuanzia kiunoni hadi karibu na shabaha, kisha mwili wote unakaza kwa kitambo kidogo sana na kuachia. Kukaza huko ndiko kunakoitwa kime. Anayekaza tangu mwanzo anajizuia kwa misuli yake mwenyewe. Toa pumzi ngumi inapofika. Ukibana pumzi, bega nalo litapanda. Kiwiko kikichomoka nje ya mbavu, simama ukuta ukiwa sentimita chache tu kutoka ubavuni mwako na upige sambamba nao. Kiwiko kitakugongea ukuta kila kinapokosea.

Angalia pia mwisho wa ngumi. Kifundo cha mkono kiwe mstari mmoja na mfupa wa chini ya kiwiko, na shabaha iguswe na vifundo vya kidole cha shahada na cha kati. Usipige hewa kwa kulazimisha kiwiko hadi mwisho wake. Acha mkunjo mdogo usioonekana. Maumivu ya nyuma ya kiwiko yanayowapata wanafunzi wenye bidii mara nyingi yanatokana na hili tu.

Mae-geri

Teke hili la mbele lina vipande vinne: inua goti, rusha, rudisha, tua. Wanaokosea wengi huruka kipande cha kwanza, mguu ukapanda mshazari kutoka sakafuni na kugonga kiwiko au goti la mwenzako njiani. Weka kiti mbele yako na upige juu ya kiti bila kukigusa. Fanya 10 kila mguu, ukishikilia goti juu kwa sekunde tatu kabla ya kurusha na tena baada ya kurudisha. Vidole vivutwe nyuma ili igonge sehemu nene ya unyayo iliyo chini yake. Vidole vikiachwa vimenyooka, ndivyo vitakavyovunjika. Kisigino cha mguu uliosimama hakiinuki, na kifua hakilali nyuma.

Kata kama kipimo

Heian Shodan, kata ya ngazi ya mwanzo, ina miondoko 21, na inaishia pale ilipoanzia. Itumie hiyo sifa. Bandika kipande cha utepe sakafuni chini ya miguu yako unapoanza. Ukimaliza ukiwa mbele ya alama, hatua za oi-zuki za kurudi ni fupi kuliko zile za age-uke (kinga ya juu) za kwenda. Ukipitiliza, ni kinyume chake. Kwa wengi tofauti inatokea kwenye hatua ya kiai (ukelele wa nguvu), mwondoko wa 9 na wa 17, kwa kuwa hapo wanajirusha.

Ugumu wake mwingine ni kugeuka. Kabla ya kugeuka, tazama unakokwenda, kisha sogeza mguu wa nyuma kupita upande wa pili kwa upana wa nyonga mbili. Usiposogeza vya kutosha utatua na miguu kwenye mstari mmoja, na gedan-barai, kinga ya chini, itakuyumbisha. Kwenye sakafu ya saruji, ambayo ndiyo tuliyo nayo katika kumbi nyingi, zunguka ukiwa umepunguza uzito kidogo kwenye unyayo unaozunguka; vinginevyo ngozi inachubuka na goti linajikunja vibaya.

Kumite

Katika gohon kumite, yaani kumite ya hatua tano, anayeshambulia hupiga hatua tano, anayejikinga hurudi tano na kujibu kwa gyaku-zuki. Tafadhali, lenga shabaha kweli, na usimame kabla ya kugusa. Kumhurumia mwenzako kwa kupiga pembeni ya kichwa ni kumdanganya, kwa sababu age-uke yake haijajaribiwa. Anayejikinga naye asikimbie mapema. Asubiri hadi mguu wa mshambuliaji uanze kusogea. Badilisha wenzako, mrefu na mfupi, mzito na mwepesi, ndipo utajua umbali wako.

Kupokea marekebisho

Mwalimu akikugusa bega au kukusogeza mguu, usieleze sababu. Itikia, kaa katika nafasi aliyokuweka hadi mwili uihisi, kisha urudie mara tatu papo hapo. Kabla hujavua gi, andika daftarini tarehe na maneno aliyotumia, si tafsiri yako. Mara moja kwa wiki omba ruhusa ya kurekodiwa kwa simu: sekunde kumi kutoka ubavuni, simu ikiwa kimo cha kiuno, kuona kisigino na kichwa, sekunde kumi kutoka mbele, kuona goti na bega.

Maumivu ya misuli yanayoisha baada ya siku mbili au tatu ni ya kawaida. Maumivu makali ya ndani ya kiungo, hasa goti na kiwiko, si ya kuvumilia. Mwambie mwalimu kabla darasa halijaanza akupunguzie.

Kosa limekwisha pale linapokosa kurudi ukiwa umechoka, dakika za mwisho za kumite, na mwalimu hajalitaja kwa madarasa manne. Hapo mwulize linalofuata. Isipokuwa mtihani wa mkanda ukiwa umebaki wiki mbili: katika muda huo usifungue kosa jipya, fanya yale yaliyoagizwa kwenye daraja lako kwa kasi ya kati, na ulale mapema.