Kabla kijana mwenye ulemavu hajaenda chuo

Umri kwanza. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania haimpokei mwombaji aliyevuka miaka 35, kwa hiyo aliyechelewa shule asizidi kusubiri. Fomu ya kuthibitisha ulemavu isainiwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Barua ya zahanati ya jirani haitoshi, usibishane. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kama bado ana mtihani wa Baraza la Mitihani, uhitaji wake uandikwe wakati wa usajili. Zile dakika 20 za nyongeza kwa kila saa ya Hisabati, na 10 kwa masomo mengine, haziombwi mlangoni siku ya mtihani. Na ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu ni mkopo wa kufanyia shughuli za kipato, si ada. Watu wanapoteza nauli bure.

Sasa hili lililotuumiza. Mtoto wa kaka yangu ni kiziwi. Mkopo alipata, tukapika pilau. Mimi niliyejaza kila fomu sikuuliza kama chuo kina mkalimani wa lugha ya alama. Wiki ya tatu akaniandikia: "Shangazi, mhadhiri anaongea na ubao." Yeye husoma midomo, na mhadhiri yule akishika chaki ni kisogo tu. Ikabidi anakili daftari la jirani. Jirani akiugua, kipindi kimepotea. Nikaenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Nikaambiwa mkalimani angetafutwa, lakini hawakujua anakuja. Kumbe kutaja ulemavu kwenye fomu ya mkopo hakukufika kwao. Hela ya chakula na malazi ilikuwa inaingia vizuri kabisa, na muhula ule aliumaliza na sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia.

Kwa hiyo usichague chuo kwa jina. Piga simu, kisha nenda mwenyewe. Uliza wakalimani ni wangapi na wanagawana wanafunzi wangapi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kitengo cha elimu maalumu. Anza na vyuo vya namna hiyo. Kwa asiyeona, uliza nani anageuza vitabu kuwa nukta nundu, na huchukua siku ngapi. Wa kiti mwendo, tembeeni naye kutoka hosteli hadi darasani mkihesabu ngazi. Majibu yawe kwa maandishi, yenye jina na tarehe.

Mengine mnayajua: nakala za kila karatasi, kadi ya bima, betri za shimesikio, fimbo ya akiba. Na namba ya mwenzake wa chumba, yule asiyezima simu usiku.