Somo: Fankisheni inayofaulu kipimo lakini haisomeki

Habari wakuu. Somo hili ni la wanaoandika Python na wameanza kuona fankisheni zao zinawachosha kuzisoma. Tutapima ugumu wa fankisheni kwa vipimo viwili, maana kimoja peke yake kinadanganya, na mtaona kinavyodanganya.

Hatua ya 1: Chukua fankisheni moja

Mfano wa kubuni: ada ya kutuma pesa kwa njia tatu. Mteja mpya anayetuma chini ya 5,000 kwa wakala halipi kitu.

```
def ada(mteja, kiasi, njia):
    if mteja is not None:
        if kiasi > 0:
            if njia == "wakala":
                if mteja.mpya and kiasi < 5000:
                    return 0
                else:
                    return 500
            elif njia == "benki":
                return 1500
            elif njia == "simu":
                return 300
            else:
                raise ValueError("njia haijulikani")
        else:
            raise ValueError("kiasi si sahihi")
    else:
        raise ValueError("hakuna mteja")
```

Tazama `else` ya mwisho. Kujua hiyo `else` ni ya `if` ipi, lazima upandishe jicho mpaka juu kabisa.

Hatua ya 2: Hesabu matawi

Kipimo hiki alikitoa mtaalamu wa kompyuta Thomas McCabe mwaka 1976. Kwa mkono ni rahisi: anza na 1, ongeza 1 kwa kila `if`, `elif`, `for`, `while`, `except`, na kila `and` au `or`. `else` haihesabiwi kwa kuwa haiulizi swali jipya. Hapa tuna `if` nne, `elif` mbili na `and` moja: saba, jumlisha ile 1 ya mwanzo, 8.

Kwa mashine, tumia radon, programu ya kupima msimbo wa Python:

```
pip install radon
radon cc -s ada.py
```

Utaona `F 1:0 ada - B (8)`. Hiyo F isikutishe, inamaanisha tu kwamba ni fankisheni. Daraja lako ni B, kwenye ngazi ya A (rahisi) hadi F (ngumu kabisa). Ukitumia Ruff, programu nyingine ya kukagua msimbo wa Python, na kanuni yake C901 utapata 7, kwa sababu haihesabu `and` na `or`.

McCabe alipendekeza kikomo cha 10, kwa hiyo tumefaulu. Namba hii ina faida yake: inakuambia kwamba majaribio 8 yanatosha kupita kila tawi. Lakini ukiisoma fankisheni yenyewe bado inakera.

Hatua ya 3: Pima kina

Kipimo cha pili kimetoka SonarSource, watengenezaji wa SonarQube, programu ya kukagua ubora wa msimbo. Hiki kinatoza kina. `if` ya nje inalipa 1, iliyo ndani yake 2, ya ndani zaidi 3, na kuendelea. `elif` na `else` zinalipa 1 kila moja popote zilipo, na mfululizo wa `and` unalipa 1.

Tuhesabu: 1+2+3+4 ni 10. `and` moja, 11. `elif` mbili, 13. `else` nne, 17. Kikomo cha kawaida cha SonarQube kwa fankisheni moja ni 15. Tumefeli.

Hatua ya 4: Majaribio kwanza

Usiguse chochote kabla hujaandika majaribio ya kila tawi, pamoja na makosa yote matatu. Hapa sina mjadala.

Hatua ya 5: Pindua masharti

Badala ya kuuliza "je, kila kitu kiko sawa?" kisha kuingia ndani, uliza "kuna kasoro?" kisha toka mapema. Ada ambazo hazina masharti zihamie kwenye kamusi (`dict`).

```
ADA = {"wakala": 500, "benki": 1500, "simu": 300}

def hakiki(mteja, kiasi, njia):
    if mteja is None:
        raise ValueError("hakuna mteja")
    if kiasi <= 0:
        raise ValueError("kiasi si sahihi")
    if njia not in ADA:
        raise ValueError("njia haijulikani")

def ada(mteja, kiasi, njia):
    hakiki(mteja, kiasi, njia)
    if njia == "wakala" and mteja.mpya and kiasi < 5000:
        return 0
    return ADA[njia]
```

Hatua ya 6: Pima tena

Kwa McCabe, `hakiki` ni 4 na `ada` ni 4. Jumla ni 8, ile ile ya mwanzo! Kwa kipimo cha kina, `hakiki` ni 3 na `ada` ni 2: tumetoka 17 hadi 5. Maamuzi yamepungua moja tu, kutoka saba hadi sita; jumla imebaki 8 kwa kuwa sasa kila fankisheni ina ile 1 yake ya mwanzo. Kilichopungua hasa ni mambo ambayo msomaji analazimika kuyashika kichwani kwa wakati mmoja. Ndiyo maana akija mtu kwangu na namba ya McCabe peke yake, namwomba anifungulie msimbo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nina `if` moja na `elif` 24 za mikoa, radon inanipa D (26). Nivunje vipande?

Jibu: Usivunje. Ukikata orodha hiyo katikati utamsumbua msomaji bure. Kama kila tawi linarudisha thamani tu, weka kamusi. Kama kila tawi lina kazi yake, tengeneza fankisheni kwa kila kazi, kisha kamusi ielekeze mkoa kwenye fankisheni yake.

Swali: Nikiandika `if` na `else` kwenye mstari mmoja namba itashuka?

Jibu: Haishuki, radon inaihesabu vilevile. Unapata mstari mrefu zaidi, basi.

Swali: Yangu ni A tupu lakini wenzangu wanasema hawaielewi.

Jibu: Angalia majina. Badilisha `mteja` iwe `x` na `kiasi` iwe `y2` kwenye mfano wetu, vipimo vyote viwili havitasogea.

Swali: Kaka, ofisini kuna msimbo wa miaka mingi, hauna jaribio hata moja. Naanzia wapi?

Jibu: Anza na mafaili yanayoguswa mara kwa mara:

```
git log --format= --name-only | sort | uniq -c | sort -nr | head
```

Linganisha na `radon cc -n C -s .`, inayoonyesha daraja C na mabaya zaidi. Faili lililo kwenye orodha zote mbili ndilo la kwanza. Lipe ingizo nyingi, hifadhi majibu yake ya leo yalivyo, hata yale unayoyatilia shaka, kisha kila ukibadilisha kitu linganisha na hayo. Ambalo ni baya lakini haliguswi na mtu, liache lilale.