SOMO: Maandishi ya kivinjari yana ukungu au yamekonda? Anza na waya, malizia na fonti

Wengi wakiona maandishi ya mtandaoni hayasomeki vizuri, hukimbilia kushusha fonti mpya. Fonti ndiyo ya mwisho kuguswa. Kivinjari huchora herufi, mfumo wa kompyuta hulainisha kingo zake, kadi ya picha huisukuma picha kwenye waya wa skrini, kisha skrini huipanga kwenye pikseli zake, yaani vinukta vidogo vinavyounda picha. Kosa likiwa kwenye waya, hakuna fonti itakayolitibu. Kwa hiyo fuateni hatua kama zilivyopangwa.

Kwanza, jua tatizo liko wapi

Fungua ukurasa wenye maandishi mengi, bonyeza Windows + Shift + S upige picha ya skrini, uihifadhi, halafu jitumie kwenye simu. Ukitumia WhatsApp itume kama faili (document), kwa sababu ikienda kama picha itabanwa na utakuwa unaangalia uharibifu wa WhatsApp. Ikuze kidogo kwenye simu.

Picha hiyo huchukuliwa kabla maandishi hayajapita kwenye waya. Kama kwenye simu herufi ni safi lakini kwenye skrini zina ukungu, shida ni waya, skrini au rezolusheni (idadi ya pikseli za picha, upana kwa urefu): fanya hatua ya 1. Kama hata kwenye simu kingo zina meno ya msumeno, au herufi zimekonda mno, shida ni ya programu: nenda hatua ya 2.

Hatua ya 1: Skrini na waya

Hapa ndipo kompyuta nyingi za mtumba zinapokwama, kwa sababu huja na skrini za inchi 17 au 19 na waya wa VGA.

Bofya kulia kwenye desktop, chagua "Display settings", angalia "Display resolution". Iweke kwenye ile iliyoandikwa "Recommended". Skrini bapa ina idadi maalumu ya pikseli isiyobadilika. Zile za inchi 17 na 19 za umbo la karibu mraba kwa kawaida ni 1280 × 1024; za inchi 18.5 nyingi ni 1366 × 768, za 21.5 nyingi ni 1920 × 1080. Ukiipa skrini ya 1280 × 1024 picha ya 1024 × 768, kwa upana kila pikseli moja italazimika kutandazwa kwenye pikseli moja na robo. Robo haipo, kwa hiyo skrini inachanganya rangi za majirani, na mguu wa herufi "l" uliokuwa mweusi tii unakuwa mistari miwili ya kijivu. Ndio ukungu wenyewe huo.

Ukipunguza rezolusheni ili herufi ziwe kubwa, unaharibu kila kitu kwa pamoja. Iache rezolusheni kamili, kisha pandisha "Scale" iwe 125%, au kwenye kivinjari bonyeza Ctrl na + mpaka ukubwa ukupendeze. Ctrl + 0 inarudisha 100%. Kivinjari huchora herufi upya kwa kila ukubwa, hivyo hazipotezi makali.

Kama rezolusheni sahihi haimo kwenye orodha, fungua "Device Manager" uangalie "Display adapters". Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", basi draiva ya kadi ya picha, yaani programu inayoiendesha, haijawekwa. Iweke kwanza, ya kiwanda cha kompyuta yako au ya Intel, AMD au NVIDIA, kulingana na kadi iliyomo.

Sasa waya. VGA hubeba picha kama mawimbi ya umeme, na skrini inabidi ikisie pikseli moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Ikikisia vibaya, sehemu ya ukurasa inakuwa safi na sehemu nyingine inatetemeka au ina kivuli pembeni mwa herufi. Jaza skrini nzima kwa ukurasa mweupe wenye maandishi meusi madogo, kisha bonyeza kitufe cha "Auto" kwenye skrini yenyewe. Ukibonyeza ukiwa kwenye desktop yenye picha nyeusi, skrini haina kingo za kupimia na itakosea. Isipotulia, ingia kwenye menyu ya skrini utafute "Phase", isogeze polepole ukitazama herufi hizo hizo mpaka kivuli kiishe. Hakikisha pia kasi ya skrini kujichora upya ("Refresh rate") iko 60 Hz na sio 75. Kwa 1280 × 1024, kutoka 60 kwenda 75 kunapandisha mwendo wa pikseli kwenye waya kutoka 108 MHz hadi 135 MHz, na waya dhaifu au mrefu hapo unashindwa.

Kama kompyuta na skrini vyote vina tundu la waya wa kidijitali, yaani DVI, HDMI au DisplayPort, achana na VGA. Kati ya yote yaliyomo kwenye somo hili, kubadili waya ndiko kunakoleta tofauti kubwa kuliko yote kwa pesa kidogo.

Hatua ya 2: Windows

Kuna ushauri umeenea sana wa kuharakisha kompyuta kongwe: chagua "Adjust for best performance". Ukifanya hivyo unazima pia ulainishaji wa fonti, na herufi zinatoka na meno. Bonyeza Windows + R, andika `SystemPropertiesPerformance`, Enter. Tiki "Smooth edges of screen fonts" kisha OK. Mengine yote yaache yamezimwa kama unataka wepesi. Hiki kimoja hakilemei kompyuta kiasi cha kuhisika.

Halafu ClearType, ulainishaji wa herufi wa Windows wenyewe. Windows + R, andika `cttune`, Enter. Tiki "Turn on ClearType", Next. Kama una skrini zaidi ya moja, kila moja ina zamu yake. Kwenye Windows 10 na 11 utapewa kurasa tano za sampuli. Kaa umbali ule ule unaokaa ukisoma, wala usiinamie skrini. Chagua sampuli ambayo jicho linaisoma bila kusitasita, hata kama si nyembamba na maridadi kuliko nyingine. Kwenye kurasa za mwisho, mwenye skrini yenye mwanga hafifu apendelee zile nyeusi zaidi.

ClearType hutumia vipande vitatu vilivyomo ndani ya kila pikseli, yaani nyekundu, kijani na buluu, kuchora kingo nyembamba kuliko pikseli nzima. Ndiyo maana ukiikuza picha ya herufi utaona wekundu upande mmoja na ubuluu upande wa pili. Hilo ni sawa. Likiwa linaonekana kwa macho bila kukuza, rudia cttune, na kwenye ukurasa wa kwanza chagua sampuli nyingine: huenda skrini yako imepanga vipande kwa mpangilio wa kinyume.

Hatua ya 3: Kivinjari

Chrome: kwa miaka mingi haikujali uzito uliouchagua kwenye cttune, na ndiyo maana watu walisema "Chrome ina herufi hafifu". Tangu toleo la 132 la Januari 2025 inafuata vipimo hivyo. Sasisha, funga madirisha yote, fungua tena. Kompyuta yenye Windows 7 iliishia toleo la 109, kwa hiyo huko marekebisho haya hayafiki; tumia Firefox ESR 115 (ESR ni Firefox ya kutunzwa muda mrefu) na vipimo vya hapa chini.

Kisha nenda `chrome://settings/fonts`. Ukubwa wa kawaida ni 16. 18 unafaa skrini nyingi za 1920 × 1080. "Minimum font size" iweke 12 au 13. Ukiipandisha hadi 18 au 20, menyu za tovuti zitagongana na vitufe vitakatika maneno.

Firefox: andika `about:config` kwenye upau wa anwani, kubali onyo, utafute hizi:

- `gfx.font_rendering.cleartype_params.rendering_mode` weka 5
- `gfx.font_rendering.cleartype_params.enhanced_contrast` weka 100, jaribu pia 150 na 200

Funga Firefox yote uifungue tena. Ya pili ndiyo inayoongeza weusi. Ukizidisha, matundu ya "e" na "a" yanaziba kwenye maandishi madogo. Hujapenda? Bofya mshale wa kurudisha ulio kulia mwa mstari.

Hatua ya 4: Walio kwenye Linux

Weka fonti za kutosha kwanza: `sudo apt install fonts-noto-core fonts-liberation fonts-dejavu`. Tovuti nyingi huomba Arial. Liberation Sans ina vipimo vilevile vya upana, hivyo mistari haitavunjika ovyo. Hakikisha kwa `fc-match Arial`.

Kisha tengeneza faili `~/.config/fontconfig/fonts.conf`:

```
<?xml version="1.0"?>
<!DOCTYPE fontconfig SYSTEM "fonts.dtd">
<fontconfig>
  <match target="font">
    <edit name="antialias" mode="assign"><bool>true</bool></edit>
    <edit name="hinting" mode="assign"><bool>true</bool></edit>
    <edit name="hintstyle" mode="assign"><const>hintslight</const></edit>
    <edit name="rgba" mode="assign"><const>rgb</const></edit>
    <edit name="lcdfilter" mode="assign"><const>lcddefault</const></edit>
  </match>
</fontconfig>
```

Endesha `fc-cache -f`, funga kivinjari ufungue. Anayetumia Xfce abadilishe pia kwenye Settings, Appearance, Fonts, maana kivinjari kinaweza kuchukua ya huko badala ya faili hili. `hintfull` mahali pa `hintslight` huivuta herufi ikae sawasawa kwenye pikseli, na huipenda mwenye skrini ya pikseli chache anayetaka mistari mikali. Umbo la herufi linapotoka kidogo, lakini ni chaguo halali.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimefuata zote, tovuti zote safi isipokuwa moja ya habari. Pale herufi bado ni nyembamba na za kijivu.

Jibu: Hapo aliyeitengeneza tovuti ndiye aliyechagua fonti nyembamba na rangi ya kijivu. Tumia mwonekano wa kusoma: kwenye Edge na kwenye Firefox ya Windows ni F9. Firefox ina pia Settings, General, Fonts, Advanced, ambapo unaweza kuondoa tiki kwenye ruhusa ya kurasa kuchagua fonti zake. Ila ukiiondoa, alama kama kikapu au kioo cha kutafutia zinaweza kugeuka visanduku kwenye baadhi ya tovuti, kwa kuwa nazo ni fonti.

Swali: Natumia TV ya inchi 32 kwa HDMI. Herufi zina mzunguko mweupe pembeni na kingo za skrini zimekatwa.

Jibu: TV inaitendea picha yako kama sinema. Ukubwa wa picha uweke "Just Scan" au "Screen Fit", jina linategemea TV, ili isiikuze. Ingizo la HDMI libadilishe jina liwe "PC" kama linaruhusu, na "Sharpness" uishushe mpaka ule mzunguko upotee. Baada ya hapo angalia rezolusheni: TV nyingi za inchi 32 ni 1366 × 768, japo hupokea 1920 × 1080 na kuibana. Ikibana, maandishi madogo hayawezi kuwa safi.

Swali: Skrini yangu ya pili nimeisimamisha wima kwa ajili ya kusoma nyaraka. Hiyo tu ndiyo ina rangirangi.

Jibu: Ukiigeuza, vile vipande vitatu vya pikseli vinalala juu na chini badala ya kupangana kushoto na kulia, na ClearType haijui kulainisha kwa mpangilio huo. Kwenye Firefox weka `gfx.font_rendering.cleartype_params.cleartype_level` iwe 0, utapata ulainishaji wa kijivu usio na rangi. Itazihusu skrini zote mbili, kwa hiyo pima kama unakubali. Kwenye Linux ni kuandika `none` mahali pa `rgb` ndani ya lile faili.

Swali: Assalaam alaykum. Nasoma kurasa za Kiarabu na Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Kilatini kinaonekana vizuri, Kiarabu kidogo mno na irabu zimebanana.

Jibu: Wa alaykum salaam, sheikh. Pandisha Kiarabu peke yake. Weka fonti ya Amiri, Scheherazade New au Noto Naskh Arabic. Zote ni za bure na zina nafasi ya kutosha kwa fat-ha, kasra na dhamma. Halafu kwenye Firefox fungua Fonts, Advanced, juu kabisa chagua "Fonts for: Arabic", weka fonti hiyo kwenye Serif na Sans-serif, ukubwa 22. Kurasa za Kilatini hazitaguswa. Kama ukurasa unalazimisha fonti yake, kuza kwa Ctrl na +; kivinjari kitakumbuka kipimo hicho kwa tovuti hiyo.

Swali: Tangu nisasishe draiva, herufi kwenye Chrome zinakatika vipande nikishusha ukurasa.

Jibu: Settings, System, zima "Use graphics acceleration when available", kisha "Relaunch". Zikitulia, mkosaji ni draiva mpya: rudisha ya zamani kwenye Device Manager kwa "Roll Back Driver", kisha uwashe tena ile ya Chrome. Usiiache imezimwa siku zote, video zitailemea prosesa.